Magego Mazima ya Binti Yangu wa Pili

Binti yangu wa kwanza aling'olewa gego akiwa na miaka minane. Halikuwa jino la utoto. Lilikuwa lile la kudumu, linaloota nyuma kabisa mtoto akiwa na miaka kama sita, na kwa kuwa halisubiri jino la utoto ling'oke kwanza, linaingia kimya kimya bila mtu nyumbani kujua. Sisi tulilijua siku lilipoanza kuuma.

Alianza kutafunia upande mmoja, kisha akaacha kutafuna kabisa, akawa anakunywa uji. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye hapa kijijini upande wa Mahurunga, alimsukutulisha maji ya moto yenye chumvi na karafuu. Maumivu yalitulia, yakarudi. Shavu lilipovimba, nikaomba ruhusa shuleni ninakofundisha, nikampeleka hospitali Mtwara mjini.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke wa rika langu, amejitanda mtandio wa kijani juu ya koti lake jeupe. Mwanangu alikataa kufungua kinywa. Daktari hakumlazimisha. Alivuta kiti, akamsimulia kwamba wazazi wake ni Wahindi wa Mikindani, wenye duka, na kwamba yeye amekulia nyuma ya kaunta iliyojaa mitungi ya pipi. Halafu akafungua kinywa chake mwenyewe na kumwonyesha magego yake, yote yamezibwa. "Haya niliyapata dukani kwa baba," alisema. Mwanangu akacheka, na alipocheka kinywa kikafunguka.

Gego lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi, halina dawa. Alimpiga ganzi, akaling'oa taratibu huku akimweleza kila anachofanya. Baadaye aliliosha, akaliweka juu ya pamba, akaniita dirishani penye mwanga. Alinionyesha mifereji iliyopita juu ya jino, myembamba sana. Alisema mtoto anaweza kupiga mswaki asubuhi na jioni, lakini unywele wa mswaki hauingii mle, na sukari inaingia. Kuoza kulianzia pale. Kisha akaniuliza kama nina mtoto mwingine.

Nikamwambia yupo wa pili, ndiyo kwanza ametimiza miaka sita.

"Mlete kabla halijauma," alisema. "Mifereji hii naweza kuiziba jino likiwa bado zima."

Sikuwahi kusikia mtu akitibiwa jino ambalo haliumi. Nilimweleza kwamba ninafundisha darasa la kwanza na la pili, na kwamba darasani mwangu wako watoto wengi wa umri huo ambao wazazi wao ni wakulima wa mihogo na korosho, watu wasiokwenda mjini ila kwa shida kubwa. Akauliza kama shuleni kwetu kuna meza imara na chumba chenye madirisha. Hakuuliza kama kuna umeme. Alisema dawa atakayoleta inakauka yenyewe.

Mwalimu mkuu alikubali, ofisi za afya zikatoa kibali, na wazazi wakaitwa. Lakini nyumbani kwangu mwenyewe hapakuwa na makubaliano.

Mama mkwe alichongwa meno ya mbele alipokuwa msichana, kama wasichana wengi wa Kimakonde wa zamani zake. Huwa haongelei jambo hilo. Nilipomwambia kuwa daktari anakuja kuwashika watoto meno mazima, aliacha kupepeta mchele, akaniuliza kama jino la mjukuu wake linauma. Nikasema haliumi. Akauliza, sasa linaguswa kwa ajili gani. Halafu akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba yeye alilazwa chini akiwa na meno mazima, akashikwa kichwa, na chuma kikaingia, na kwamba siku ile alijiapia mtoto wake au mjukuu wake hatapitia hapo. Jioni nikamsimulia mume wangu. Alisema tumwachie mama aje aone mwenyewe.

Jumamosi iliyopangwa daktari alifika shuleni na gari la kukodi, likiwa limejaa vumbi, pamoja na muuguzi wa zahanati yetu aliyempakia njiani. Akina mama walisimama barazani wameshika watoto wao mikono, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Wengine walikuwa wamesikia kwamba watoto watatiwa gundi. Mama mkwe alikuwa mbele yao, amejifunga khanga kifuani.

Daktari alimwamkia, tena kwa Kimakonde, maneno machache aliyoyaokota dukani kwa wateja wa baba yake. Mama mkwe akaitika, akamuuliza moja kwa moja chuma chake kiko wapi.

Daktari aliyaona yale meno. Nilimwona alivyoyatazama, bila kushangaa na bila kukwepesha macho. Alichutama mbele yake, akamuuliza kama waliomchonga walimuumiza sana. Katika miaka yote niliyoishi na mama mkwe, sikuwahi kumsikia mtu akimuuliza swali hilo. Alijibu ndiyo, sana.

"Mimi sichongi, Bibi," daktari alisema. "Jino sitalipunguza hata kidogo. Naongeza tu juu yake. Na kichwa cha mjukuu wako utakishika wewe. Ukiniambia niache, naacha."

Ndivyo ilivyofanyika. Binti yangu wa pili alilala juu ya meza, bibi yake amekaa kwenye kona ya meza hiyo, kichwa cha mtoto mapajani mwake. Daktari alivaa tochi kichwani. Alisugua gego, akalipangusa kwa pamba mpaka likakauka, akachanganya unga na maji ya dawa kwenye kibao kidogo, akapata kitu kama uji mzito. Kabla hajakitia kinywani, alimpaka mama mkwe kidogo kwenye ukucha aone kinavyoganda. Kisha akakitia kwenye mifereji ya jino, akapaka mafuta ya mgando kwenye kidole chake chenye glovu, akakandamiza. Mwanangu alimng'ata. Daktari alisema polepole, bila kuondoa kidole, kwamba meno yake ni makali kweli, na asubiri kidogo tu.

Hakulia, hata magego mengine yalipofuata. Aliposhuka mezani alikuwa akilamba gego kwa ulimi, anashangaa lilivyo laini. Mama mkwe alikwangua ile dawa iliyoganda kwenye ukucha wake, haikutoka upesi. Akatoka barazani, akawaambia akina mama kwa Kimakonde maneno ambayo mimi, niliyeolewa hapa nikitokea Lindi, sikuyaelewa yote. Mume wangu alinitafsiria baadaye: aliwaambia hakuna chuma kilichokata, na kwamba yeye ataendelea kukaa pale kushika vichwa vya watoto.

Alikaa pale hadi adhuhuri. Wanawake walimletea maji. Kuna mtoto aliyelia kabla hata ya kulazwa, na bibi huyu akamwimbia. Daktari hakumharakisha hata mmoja. Wawili, ambao mama zao walikataa katakata, aliwatazama tu meno, akawashukuru mama zao kwa kuja.

Mwaka uliofuata alirudi kukagua. Hakutuficha kwamba dawa ile haidumu milele. Kwa watoto wengine ilikuwa imebanduka, akaiziba upya, na kwa mmoja kuoza kulikuwa kumeanza, akamtibu palepale. Magego ya binti yangu yalikuwa mazima. Nilimwuliza daktari kama hachoshwi na kazi ambayo ikifanikiwa haina cha kuonekana, hakuna uvimbe ulioshuka wala mtu anayekuja kushukuru kwamba usiku amelala bila maumivu. Alisema anapenda kuondoka mahali watoto wakiwa wanakula kama kawaida.

Mimi nimejifunza kitu kwake. Kila mwanzo wa mwaka ninawapanga darasa la kwanza dirishani, ninawaambia wafungue vinywa, ninatazama nyuma kabisa ya meno ya utoto. Nikiona vichwa vyeupe vya magego vimeanza kuchomoza kwenye fizi, ninampigia simu, naye ananiambia Jumamosi gani anakuja.