Kisamvu cha Shangazi Mize

Harufu ya kisamvu kinachotokota katika tui hunirudisha Chokocho, kusini mwa Pemba, katika ile miaka Mwingereza alipokuwa anakaribia kuondoka. Watu wengine wakiisikia huona njaa. Mimi huona raha ya kisasi, na sioni sababu ya kuwaficha.

Mama yangu, Bi Time, alipika vya karibu. Kisamvu alikichuma mwenyewe, majani machanga tu ya muhogo, akakitwanga mpaka kikawa laini kama hina iliyopondwa. Alikichemsha hadi ukali ukaisha, ndipo akatia tui zito na vipande vya papa mkavu. Wali wetu ulitokana na mpunga wetu, uliotwangwa nyumbani, ukabaki na wekundu wa pumba. Nikiulalamikia, mama alisema, "Tumbo halichagui rangi."

Shangazi Mize, dada yake baba, aliolewa na mwenye duka wa mji wa Mkoani. Kwake walikula mkate wa boflo, chai ya maziwa ya kopo na wali mweupe wa dukani. Kila Idi alikuja kwetu na bangili zake mkono mzima. Idi moja mama alimpakulia mbele ya wanawake wa mtaa. Shangazi akafunua bakuli, akanusa.

"Wifi, kaka yangu umemfanya ng'ombe?"

Akainuka, akakimwaga kisamvu uani. Kuku wakakusanyika. Wanawake walicheka, maana mke wa tajiri akitania huchekewa. Baba alikuwa barazani na alisikia yote, asiinuke. Mama aliliokota bakuli, akaliosha, akalifudikiza mahali pake. Mimi nilimwombea shangazi mabaya ambayo hata leo siyaandiki.

Hayakupita mavuno mengi, shangazi akaja bila sikukuu. Alimshika mkono binti yake Sharifa, rika langu. Mchana Sharifa alicheza kama sisi sote, lakini jua likizama tu alipapasa ukuta. Jioni ya kwanza alijigonga kwenye kinu kilichokuwa pale pale siku zote. Shangazi alikwisha kumnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, na kumzungusha kwa waganga. Akaketi mlangoni mwa jiko letu.

"Wifi, nimeambiwa ni jicho la husuda. La mtu wa karibu."

Mama alikuwa anapepeta mchele, hakusimamisha ungo. "Jicho langu lina kazi nyingi, wifi. Mtoto anakula nini?"

"Vizuri tu. Boflo, chai, wali."

"Na mboga?"

Shangazi aliitazama mikono yake. "Majani hatuli."

"Basi atayala. Kisamvu, na ini la papa likipatikana. Wazee wetu wakiwatibu hivyo watoto wasioona magharibi. Ila dawa hii ina sharti lake. Akitwange mama yake mwenyewe, na nazi aikune yeye. Akitwanga mwingine, hakifai."

Asubuhi yake kinu chetu, ambacho siku zote kilikaa nyuma ya jiko, mama alikiviringisha hadi mbele, kando ya njia ya kisimani.

"Vua bangili, wifi. Zitakukatikia kinuni."

Shangazi akazivua, akashika mchi. Wanawake waliokwenda kuteka maji wakapunguza mwendo. Mmoja, aliyecheka kuliko wote siku ile ya Idi, aliitua ndoo yake kabisa.

"Bi Mize, ng'ombe wenu wako wangapi leo?"

Mama hakutabasamu. Alichota kidogo kwa ncha ya kidole, akakisugua. "Kina nyuzi bado. Twanga."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mimi nilijiweka kizingitini mapema, kama mtu anayewahi nafasi ngomani. Niliyaona malengelenge yakijaa viganjani mwa shangazi, yakipasuka, akiyafunga kitambaa na kushika mchi tena. Sharifa alianza kwa kukunja uso, kisha akawa anaomba aongezwe.

Jioni moja, adhana ya magharibi ikiwa imemalizika, Sharifa alimfukuza kifaranga uani kote, akamkamata. Shangazi alilia kimyakimya. Mama alimfungia vipando vya muhogo akapande Mkoani, akaingia ndani kuswali.

Shule yangu ilikuwa fupi, lakini nimesoma sana peke yangu, hasa vitabu vya lishe. Vilimpa mama haki yake. Majani mabichi na ini huyalinda macho. Na tui halikuwa la ladha tu, kwani mafuta yake huusaidia mwili kukichukua kilichomo majanini. Nililitafuta na lile sharti. Kitabu kimoja baada ya kingine, sikulikuta. Nikarudi Chokocho kuwauliza wazee. Waliijua dawa, lakini sharti hilo hakuna aliyepata kulisikia.

Utotoni niliamini kwamba mama alisamehe, ndiyo maana akatibu. Sasa najua kwamba alitibu bila kusamehe, na simlaumu. Macho ya mtoto yalihitaji majani. Malengelenge yalikuwa madai ya mama, na hakumpunguzia wifi yake hata moja.