Tangu Nyaga Akonde, Nyama Inalala Buchani

Nyama ya bure haijawahi kukutana na mwandishi wa makala haya ikabaki salama. Waulize wenye harusi kuanzia Gachoka hadi Siakago.

Saa mbili asubuhi, soko la Kiritiri. Nyaga Muchangi anapasua mbuzi aliyening'inia kwenye ndoano, anaingiza mkono, anatoa figo iliyofunikwa mafuta meupe.

"Ona haya mafuta," anasema. "Miaka yote nilidhani ni blanketi. Kumbe ni redio."

Habari za redio hiyo alipewa na daktari mmoja mjini Embu mwaka juzi, 1996, alipopeleka kidonda cha mguu kilichokataa kufunga. Wakati huo tumbo la Nyaga lilikuwa linafika kaunta kabla yake. Akapimwa, akapatikana na ugonjwa wa sukari.

"Daktari akaniambia mafuta ya ndani ya tumbo hayakai bure. Yanatoa vitu vyake, vinaingia kwa damu. Ini ndilo jirani, linasikia kwanza. Linaanza kumwaga sukari kama limeambiwa kuna sherehe. Akasema, mzee, punguza hilo tumbo ama siku moja tutakata huo mguu."

Akapunguza. Aliacha mafuta aliyokuwa akijichomea kila asubuhi, akaanza kufuata mbuzi vijijini kwa miguu. Leo mshipi wake una matundu mapya yaliyotobolewa kwa msumari. Kidonda kimefunga.

Shida ikaanzia hapo. Huku, watu hupima bucha kwa tumbo la mwenyewe. Na miaka hii mtu akikonda, hakuna anayeuliza amekula nini. Wanauliza amelala na nani. UKIMWI umezika wengi, na kila anayepwaya ndani ya nguo anahesabiwa tayari.

Zamani, siku ya soko, Nyaga alichinja mbuzi wanne. Sasa ni mmoja, na jioni nusu yake bado inaning'inia.

Munyi, mteja wake wa tangu zamani, anapita.

"Munyi, leo huli?"

"Nimefunga, mzee. Mambo ya kanisa."

Anavuka barabara na kuingia bucha ya Kathuri, mnene kuliko wote sokoni.

"Kanisa limehamia kwa Kathuri," anasema Regina, mkewe Nyaga, akigeuza nyama kwenye makaa.

Nyaga hacheki. "Nilipokuwa nakufa walinisifu afya. Nimepata nafuu, wananichimbia kaburi."

Hapo mwandishi anapaza sauti ili wapita njia wasikie. Anasema huu ni ujinga mtupu. Anasema Nyaga ana sukari, na hata angekuwa na virusi, hakuna anayeambukizwa kwa kula nyama aliyokata. Anasema vizuri sana. Watu watatu wanasimama kusikiliza.

"Nikinenepa watarudi," anasema Nyaga. "Usidhani sijafikiria. Lakini mguu ukienda haurudi, na nataka kumsomesha mtoto wangu Winfred mpaka amalize nikiwa nimesimama kwa yote miwili. Nitangoja. Mtu mmoja tu akila hapa mbele yao, wengine watafuata."

"Basi aanze huyu," anasema Regina.

Ananyoosha koleo la makaa kuelekea benchi, kando ya goti la mwandishi.

"Kijana, hiyo sahani nilikuwekea kabla Munyi hajapita. Umehubiri mpaka mafuta yameganda."

Wale watatu wanaitazama sahani.