Mkoi Wangu Alizikwa Bila Utani

Enzi zetu kule Mtongwe, mtoto alijua nani wa kutaniana naye na nani wa kumwamkia kwa adabu kabla hajajua hata kujifunga leso. Nawaandikia nyinyi wa rika langu, mliokula mhogo wa nazi sinia moja na ndugu sita, mkono wa nani umeingia wapi haijulikani. Hawa wa leo nimechoka nao. Nina hasira, niseme kweli. Nimeikalia miezi mitatu nikidhani itapoa, haikupoa, basi acheni niiandike.

Kwetu aliyeianza siku kwa mzaha alikuwa Wawe. Ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama mzaa baba. Asubuhi amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, ananiita mke mwenzangu, ananishtaki kwa kila apitaye uani kwamba nimemnyang'anya mume. Mume mwenyewe ni babu yetu, kibogoyo, yuko barazani na redio yake iliyofungwa kwa mpira. Mimi na miaka yangu saba namjibu kwamba nimeshamrudisha, mhogo hawezi kuutafuna, nitakaa nikimtafunia mpaka lini. Wawe anacheka mpaka nazi inamtoka mkononi. Babu naye anapaza sauti kwamba talaka zetu sote wawili ziko tayari, tungoje tu apate kalamu. Hapo hapo baba akisikika anakohoa mlangoni, kimya. Shikamoo baba, napokea mfuko wake, akiniita naitika abee, macho chini. Hakuna aliyenikalisha akanieleza. Nyanya na babu ni watani wako, baba na mama si watani wako, na mkwe ndiyo usithubutu kabisa.

Halafu kulikuwa na Mejumaa. Mamake alikuwa shangazi yangu, kwa hivyo sisi tulikuwa wakoi, mtoto wa ndugu wa kiume na mtoto wa ndugu wa kike. Kwetu mkoi ni mtani wako wa kuzaliwa nao. Alikuwa na ruhusa ya kunyakua kichwa cha samaki kwenye sahani yangu, kuwaambia wageni kwamba bado nakojoa kitandani, kuniposea punda wa jirani, na mimi sina ruhusa ya kununa. Anayenuna ndiye aliyeshindwa. Tulicheza mdako mpaka vidole vikachubuka, tukacheza kibe tukijificha kwenye mikorosho mpaka tunaitwa kwa majina ya baba zetu, na muda wote ule mdomo wake haukufungwa.

Siku moja nilinyolewa upara kwa sababu ya mashilingi, choa la kichwani. Ilikuwa mwisho wa Shaabani. Mejumaa akapita nyumba hata nyumba akiwaita watu waje kwetu, mwezi umeandama na unaonekana vizuri. Walikuja, wallahi, watu wazima na kofia zao, wakanikuta nimekaa kwenye kigoda nalamba mabuyu. Nililipiza. Nilikwenda chuoni nikamwambia mwalimu wetu wa Kurani kwamba Mejumaa ameweka nadhiri ya kutosema neno la upuuzi siku tatu, ila anaona haya kumwambia mwenyewe. Mwalimu akafurahi, akamsifu mbele ya chuo kizima, na mwenzangu ikambidi anyamaze siku tatu, machozi yanamlenga kwa maneno yaliyomjaa. Siku ya nne alinimaliza.

Msidhani ilikuwa ovyo ovyo. Palikuwa na jirani yetu mmoja, mzee mpole, mguu mmoja mfupi, akiuza mkaa. Nikaiga mwendo wake mbele ya watoto wenzangu, wakacheka, nikazidisha. Wawe aliniona. Hakunipiga. Alinivuta kando akaniuliza yule mzee ni babu yangu, au ni mkoi wangu, au tumetaniana wapi. Akasema, "Cheka na Mejumaa, yeye mdomo wa kukujibu anao. Yule atakujibu nini?" Kisha akanipa ndoo, na wiki nzima nikamchotea yule mzee maji kila asubuhi kabla ya shule, naye ananishukuru na kuniombea dua asijue kwa nini analetewa. Ile dua iliniuma kuliko fimbo yoyote ya mwalimu. Mpaka leo mtu akianza kumcheka mtu asiyemhusu, mkono wangu unaukumbuka mshikio wa ile ndoo.

Lakini siku niliyoelewa utani ni wa nini ni siku babu alipofariki. Wawe alikaa mkekani siku mbili, hali, hanywi, halii. Amekauka tu. Wanawake wamemzunguka wanamsihi anywe hata uji. Siku ya tatu akaingia Bi Mishi, mkoi wa babu, mwanamke mzima wa miaka sabini. Amevaa kanzu ya marehemu, ameshika bakora yake, midomo ameikunja ndani kama hana jino. Akapita katikati ya waombolezaji akakaa kwenye kiti cha babu, akaanza kulalamika kwa sauti ya babu vilevile: nani amegusa redio yangu, chai hii ni chai au maji ya kuoshea miguu, na huyu mwanamke mkekani ananililia nini wakati nikiwa hai alikuwa akinifukuza jikoni. Nyumba nzima ilicheka. Wanawake walishikana mbavu. Nikamwona Wawe anatikisika mabega, anacheka, anacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, kilio cha kweli kile, na Bi Mishi akatupa bakora akamkumbatia na ile kanzu ya mumewe. Kilio kilipokwisha Wawe akaomba uji.

Mimi na Mejumaa tulikuwa pembeni ya mlango tunatazama. Tulikuwa na miaka kumi. Tulipeana mkono pale pale kwamba atakayetangulia, mwenzake ataivaa leso yake. Tulikuwa tukikumbushana jambo hilo miaka yote, harusini, hospitalini, kwenye simu. Yeye akisema nitangulie mimi, maana kuniiga ni kazi nyepesi, anahitaji tu kukunja uso.

Aliolewa akahamia Magogoni, upande wa Kisauni. Msiniambie mume alikuwa mtu wa bara ndiyo maana. Alikuwa wa hapa hapa, ila alikuwa na kazi ya ofisini na aliona utani ni ushamba. Nikienda kuwatembelea, Mejumaa ananitania jikoni kwa sauti ya chini, mlango umerudishwa. Watoto wakiingia anabadilika, anakuwa mama wa heshima, anauliza mambo ya shule. Nilimgombeza. Nikamwambia anawanyima watoto kitu chao. Alicheka akasema wakikua watajua wenyewe. Hasira yangu nyingine ni yake, na siwezi kumwambia. Wangejuaje wenyewe? Mtoto huletewa mzaha na watu wa nyumbani kwao, na hawa waliletewa na simu. Huwa nawaona wamekaa watano chumba kimoja, kila mmoja anacheka peke yake, na cha kuchekwa ni mtu ameanguka kwenye ngazi nchi gani sijui.

Basi Mejumaa akatangulia.

Siku ya pili ya matanga nilijikaza. Nilikuwa nimelia usiku kucha na sauti imenikauka, lakini ahadi ni ahadi. Nikachukua leso yake kambani, nikaifunga chini ya kwapa alivyokuwa akifunga yeye, nikaishusha miwani yake mpaka ncha ya pua. Nikaingia kwa wanawake. Nikaanza kuwakagua mkekani mmoja mmoja, huyu amekuja kulia au amekuja na mfuko wa kubebea pilau, yule anajifanya anazimia ili apepewe, na wewe Mwanatumu, nikajitaja mwenyewe, sura hiyo ndiyo umeniletea msibani kwangu? Bibi wawili watatu wa kwetu Likoni wakaanza kuguna kwa kicheko. Jirani mmoja wa bara, mama Mkristo anayeuza vitunguu Kongowea, akapiga kofi akacheka waziwazi, maana kwao pia yuko mtu wa kazi hiyo. Nikaona sasa inakuja, sasa watoto wa mkoi wangu watacheka, halafu watalia vizuri.

Saumu akasimama. Ni binti yake wa kwanza, ana sura ya mamake kabisa, na macho yake yalikuwa makavu kama ya Wawe siku ile. Akasema mbele ya watu wote, "Mama Tumu, toka. Huyu ni mama yetu amekufa, si vichekesho." Nikajaribu kumweleza kwamba mimi ni mkoi, hii ni haki ya mamake. Akasema hajui hayo. Mabinti wawili wakanishika mikono wakanitoa mpaka nje ya geti, wakanivua leso mlangoni, na mimi nimezidi hamsini, nina wajukuu. Wale bibi wa Likoni wakainamisha vichwa.

Kumbe mjukuu mmoja wa Mejumaa alikuwa amenirekodi. Kufikia magharibi nimo kwenye simu za watu, nimeandikwa bibi anayefurahia msiba. Wengine wanasema ni mchawi, ndiye aliyemmaliza. Wengine wameweka zile sura zinazotoa machozi ya kicheko. Watu wasionijua, wasio babu zangu wala wakoi wangu, ambao siwajui nikawajibu, walinicheka wiki nzima. Na mimi nilifukuzwa kwa kuwa msiba hauchekwi! Mwanangu alinitaka nisamehe, akasema vijana hawana nia mbaya, mambo yamebadilika. Yamebadilika, sawa. Enzi zetu kicheko kilikuwa kikiingia msibani na miguu yake kuja kumnyanyua mfiwa mkekani. Siku hizi kimejaa kila mahali, mchana kutwa, na msibani wamekaa kimya wakitazamana, kila mtu na chupa yake ya maji, na mfiwa anabaki na macho makavu vilevile mpaka watu watawanyike.

Saumu alinipigia juzi, baada ya arubaini. Sauti ilikuwa ndogo. Aliniamkia, akaniuliza hali, akazunguka zunguka. Mwishowe akasema bado hajaweza kulia mpaka leo, na hajui ana nini. Akasema watu wa Likoni waliokuja arubaini wamewaambia kwamba mamake alikuwa mcheshi mno, na wao wakatazamana, kwa sababu hawakuwahi kumsikia.

"Mama Tumu," akasema, "alikuwa akisema nini? Niambie kimoja tu."

Nikamwambia sikumbuki. Akangoja. Nikarudia kwamba sikumbuki, nikakata simu, nikakaa hapo kitandani nikiyakumbuka yote, moja baada ya jingine, na duniani hakuna tena mtu mwenye haki ya kunicheka.