Aliyeimba Hakuamini

Mtaa mzima ulimwita Fundi Sponji, kwa sababu kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari, na hakuna siku aliyorudi nyumbani bila vipande vya sponji kwenye nywele. Alikuwa mwanamke wa miraba minne, mkono mzito, ulimi mwepesi. Mteja akimuuliza kama kiti kitadumu, alimjibu kwamba kiti kitadumu, gari ndilo asilokuwa na uhakika nalo.

Zamani alikuwa mlevi. Si mlevi wa kulala mtaroni, bali wa kujificha, anayetia pombe kali kwenye chupa ya maji na kuipiga mafunda huku mashine ikitembea. Mumewe, fundi rangi mwenye maneno ya kuhesabika, alijua na akanyamaza. Wifi yake, dada wa mumewe, alijua kuliko wote kwa kuwa walikunywa pamoja, mlango wa karakana umerudishwa, wakicheka mpaka mbavu ziume.

Kilichomtoa huko ni albamu. Mteja mmoja aliacha gari lishonwe viti vya nyuma, na ndani ya redio kulikuwa na CD. Fundi Sponji akaiwasha apate kelele za kumchangamsha. Yakatoka magitaa ya roki yanayokwaruza kama msumeno kwenye bati, chini yake ngoma nzito ya hip-hop, na juu yake kijana akirapu kwa hasira kama mpangaji anayegombana na mwenye nyumba. Ilipofika wimbo wa tatu ndipo akang'amua kwamba anayegombezwa ni Mungu. Kijana alikuwa akimwambia amechoka kujificha, na kama kweli anamwona, basi aje amtoe.

Kwaya alizisikia nyingi maishani mwake. Zote zilimwambia awe mwema, naye hakuona pa kuanzia. Huyu alimkuta palepale alipo. Aliketi kwenye kiti kisicho na kitambaa, akalia kwa kwikwi, kisha akatoka na kuimwaga ile chupa ukutani. Mteja aliporudi na kusikia habari hiyo, alimwachia CD yake.

Haikuwa lelemama. Alitetemeka, alitapika, alivunja sindano za mashine moja baada ya nyingine. Kiu ilipompanda aliurudia wimbo wa tatu na kusema pamoja na kijana neno kwa neno. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yake. Nyingine hakuwa nayo. Mchungaji alipomwambia kwa upole kwamba muziki ule una vurugu, alijibu kwamba hata yeye ana vurugu, ndiyo maana wanaelewana.

Alipopata nguvu akamvuta wifi yake. Wifi alikuja kwa dhihaka, akauliza tangu lini watu wakaokolewa na makelele, lakini alisikiliza, akarudi kusikiliza tena, na siku moja akaomba apewe kazi ya kukata vitambaa ili mikono yake isikae bure. Wakaacha pombe wote wawili. Kwa miaka mingi waliimba ile albamu kuanzia mwanzo hadi mwisho, wifi akishika ngoma kwa mdomo, Fundi Sponji akigeuza mashine kuwa gitaa.

Kisha mchana mmoja, wakiwa kazini, redio ikatangaza mahojiano na yule mwimbaji. Waliacha kila kitu, wakasogea kama wanawake waliotembelewa na mtoto wao. Sauti ilikuwa yake, ila imenenepa. Mtangazaji alimuuliza kuhusu imani yake. Akasema bila kuyumba kwamba hakuwahi kuamini. Vijana wa makanisani ndio waliokuwa wananunua muziki, naye akawaandikia walichotaka. Akaulizwa, hata wimbo wa tatu? Akacheka kidogo. Hata huo, aliuandika akisubiri chakula, akimwiga mlevi mmoja wa mtaani kwao.

Wifi aliizima redio. "Sasa sisi tulikuwa tunaongea na nani?"

Fundi Sponji alichukua mkasi wake. Akasema kiti kinasubiriwa, waendelee na kazi.

Kesho yake wifi hakuonekana, wala keshokutwa. Halafu mume wa Fundi Sponji akafika karakana adhuhuri, mikono imejaa rangi, akasema dada yake yuko baa ya kule stendi, na kwamba yeye amekwenda kumtoa akatukanwa mbele za watu.

Fundi Sponji alimkuta kwenye meza ya plastiki, glasi mkononi, macho yamevimba. Harufu ilimpiga puani na kiu yake ikaamka kana kwamba haikuwahi kulala. Akaulilia wimbo wa tatu moyoni, lakini kila neno lilikuja na kile kicheko cha redioni. Akavuta kiti, akakaa.

"Sijui tulikuwa tunaongea na nani, wifi," alisema. "Ila mimi sikuwa naigiza."

"Wewe, sawa. Lakini mimi nilikuwa nakuiga wewe."

Hilo lilimchoma. Mhudumu alikuja akaondoka.

"Basi niige tena leo," akasema mwishowe. "Nyanyuka twende."

Wifi aliimaliza kwanza ile glasi, kisha akanyanyuka. Njiani alimwegemea kwa uzito wote.

Laiti mambo yangeishia hapo. Mumewe alimpa dada yake chumba cha uani, na tangu hapo kuna wiki wifi hunywa na kuna wiki hanywi, na hakuna ajuaye ipi inafuata. Fundi Sponji hajagusa tone. Husali sasa kwa maneno yake mwenyewe, mafupi, yasiyo na vina: nimechoka, huyu ni ndugu yangu, mshike. Akimaliza husikiliza, na hasikii kitu. Mumewe alimuuliza siku moja kama bado anaamini. Alimjibu kwamba chupa aliimwaga kweli, na aliyempa nguvu ya kuimwaga hakuwa yule kijana; zaidi ya hapo asimuulize.

Albamu yenyewe haiwezi tena. Ajabu ni kwamba wifi, aliyerudi kwenye ulevi, ndiye anayeitaka. Siku zake za afya huja karakana mapema na kuiweka mwenyewe, akisema mwongo anaweza kubeba barua ya kweli bila kuisoma. Wimbo wa tatu ukianza, Fundi Sponji hutoka nje na kiti kikuukuu, akakipiga fimbo vumbi litoke, akaendelea kupiga mpaka wimbo uishe.