Nilivyonasa Madume kwenye Makomamanga ya Tata

Mwaka jana, Jumapili ya mavuno, komamanga kutoka shamba la tata lilipasuliwa kwenye uwanja wa kanisa, na ndani mlikuwa na funza. Tata ni dada mdogo wa mama yangu. Ana kipande cha mikomamanga kule Murera, na kila mwaka hupeleka kanisani kikapu cha yale mazuri zaidi yanadiwe baada ya ibada. Mzee aliyelinunua hilo alilikata palepale ili aonje. Akatazama, kisha akalifunga tena polepole kwa mikono miwili, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Tata aliona, nami niliona kwamba tata ameona.

Njiani alisema, "Mwaka ujao zikiwa hivi tena, hiyo miti yote nang'oa. Napanda nyasi ya ng'ombe. Nyasi haiwezi kuniaibisha."

Nikajibu, kabla ya kufikiri, kwamba nitamsaidia. Mimi naishi Ruiru, nachapa barua za watu katika duka la kompyuta, na kilimo sijawahi kukisomea. Lakini nikisema nitafanya jambo, roho haitulii mpaka nilijue lote. Nilitazama video za nzi wa matunda hadi simu ikawa moto. Nikajaza daftari, nikalirarua kwa sababu mwandiko haukuwa sawa, nikaanza jingine.

Leo naweza kuieleza shida ile kwa maneno machache. Nzi hutoboa ganda la tunda akataga mayai ndani. Nje unaona kitone tu, kama umechoma kwa sindano. Tunda linaoza kutoka ndani, linaanguka, na funza wanaingia kwenye udongo ili watoke wakiwa nzi wapya. Wakati ule nilijua nusu ya hayo, na niliongea kama ninayejua yote.

Nilienda Thika, kwenye duka la dawa za shamba.

"Shida ni gani, madam?" aliuliza muuzaji.

"Nzi wa matunda. Nimeshafanya utafiti," nikamwambia, asije akaniona msichana wa ofisini.

Akaniletea mitego ya plastiki ya manjano na vipande vya pamba vyenye harufu kali. "Hii inashika mandume peke yake," alisema. Wengi wetu huku hutia n mbele ya d bila kujua, kwa hiyo nilijua anamaanisha madume.

"Sawasawa," nikasema.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikulia Makongeni, na katika ploti yetu ya nyumba za kupanga dume lilikuwa kitu chochote kikubwa kupita kawaida. Panya mnene alikuwa dume. Andazi lililofura kuliko mengine tulilipigania tukipiga kelele, "Dume ni langu!" Nikaelewa kwamba mtego ule unanasa nzi wakubwa, na kwamba wale wadogo hawana nguvu ya kutoboa ganda. Ilileta maana kabisa. Ningeuliza, lakini nilikuwa nimeshasema nimefanya utafiti.

Niliitundika mitego kwa kupima umbali na kamba. Kila Jumamosi niliwamwaga nzi waliokufa juu ya karatasi nyeupe, nikawahesabu, hata nikawapima kwa rula. Wote walikuwa na urefu mmoja. Nikaandika kwa furaha: wote madume!

Tata alikuja akasimama nyuma yangu na kikombe cha chai. "Mami, hao unawahesabu ama unawaandikisha shule?"

"Tata, wanakwisha hawa."

"Na hizo zinaanguka ni za nani?"

Kweli, matunda yaliendelea kuanguka. Niliyaokota yote bila kuacha hata moja, nikayapeleka kwenye lundo la mboji nililolijenga mwenyewe, la pembe nne kamili, hata jirani alikuja kulitazama. Lilinipa fahari kuliko kitu chochote nilichofanya mwaka ule.

Mwishowe nilirudi Thika. Muuzaji alinikumbuka.

"Madam wa utafiti! Mandume wameisha?"

"Wanashikwa wengi sana. Lakini matunda bado yana funza."

"Na mabibi zao?"

"Mabibi wa nani?"

Alinitazama akaona sitanii. "Dada, ndume ni mwanaume. Mwanaume hatagi. Umefunga mabwana wote, na mabibi wako kazini!"

Mama mmoja aliyekuwa akinunua mbegu za sukuma alicheka hadi akakalia gunia la chakula cha kuku. Nilitamani niingie ndani ya ule mtego wa manjano. Kisha nikacheka pia, kwa sababu nilikumbuka rula.

"Na zile zimeanguka unapeleka wapi?" aliuliza.

"Kwa mboji."

Akashika kichwa. "Woi! Umewajengea materniti, wazalie hapo!"

Baada ya hapo alinifundisha kwa upole, nami niliuliza kila neno, hata yale niliyoyajua. Mitego ya madume iendelee, inapunguza. Nzi wa kike anataka chakula, kwa hiyo kuna chambo unanyunyiza kidogo kidogo kwenye majani. Matunda yaliyoanguka yafungwe ndani ya karatasi nyeusi ya nailoni yachomwe na jua mpaka funza wafe. Na tunda likiwa bado dogo kama ndimu, livishwe mfuko wa karatasi.

Nililibomoa lile lundo langu kwa uchungu. Halafu tata na mimi tukavalisha matunda mifuko ya kaki, moja baada ya jingine, huku tata akisema shamba lake sasa ni shule ya msingi, wote wako na sare.

Matunda yaliacha kuanguka. Mtu mwingine angeshukuru akapumzika. Mimi nilianza kujiuliza: ndani je? Komamanga huwezi kulijua ndani bila kulipasua. Nikapasua moja kwa kila mti. Yalikuwa safi. Lakini labda nilibahatika, nikapasua mengine. Tata alinikuta jikoni nikiwa na mikono myekundu, nusu za makomamanga zimejaa meza nzima kwa mistari.

"Hii ni nini unafanya?"

"Nahakikisha tu, tata."

"Umepata funza?"

"Bado."

"Bado! Unawatafuta hivyo, kwani ni jamaa zako?" Akaninyang'anya kisu. Miti ilikuwa imebakiwa na matunda ya kikapu kimoja tu. "Hizi hazifunguliwi. Zinaenda vile ziko."

"Na kama moja ina—"

"Kama ni moja, itakuwa moja."

Jumapili ya mavuno ilifika. Makomamanga yetu yalikuwa yamepauka kidogo kwa kukaa ndani ya karatasi, na aliyekuwa akinadi aliyainua akasema yamefichwa jua kama bibi harusi. Watu wakacheka. Mama mmoja wa kwaya akanunua kikapu chote, akakiweka miguuni pake, akaendelea kuimba. Hakufungua hata moja. Mnada ulipoisha nilianza kumfuata ili nimwombe afungue tu moja, nione. Tata alinifinya kiwiko hadi nikakaa.

Wiki ile nilichapa barua za watu vibaya sana. Jumamosi tulikuwa tunakunywa chai Murera simu ya tata ilipolia. Alikuwa yule mama wa kwaya. Tata akaweka sauti juu, na mkono wake ukabaki umeshika meza.

"Zilikuwa aje?" aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Sikuwa nimejua kwamba naye alikuwa akingoja wiki nzima.

"Zilikuwa? Ziliisha siku hiyo hiyo! Mzee wangu anauliza kama kuna zingine."

"Lakini zilikuwa safi?"

"Ai, kwani zilitakiwa zikuwe nini? Safi! Sema kama zingine ziko."

Tata alinigeukia.

"Zilikuwa ziko," alisema, "lakini kuna mtu hapa amezihakikisha zote. Itabidi ungoje za mwaka ujao."