Wembe Ulionisubiri Matulo

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku ya tatu baada ya kumzika babu yako pale Matulo. Kwa desturi yetu, siku hiyo wafiwa huketi pamoja na kunyolewa mbele ya ukoo. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, nahoji kila kitu. Nywele na majonzi vinahusianaje? Hata leo sijapata jibu.

Asubuhi simu ikalia. Alikuwa Wanjala, rafiki yangu wa Kitale. "Bana, leo nahama. Njoo unishikie kabati, si unajua sina mwingine?"

Nilijua. Ni mimi niliyeitwa kila mara: ng'ombe akipotea, mchumba akinuna, mgonjwa akikosa wa kukaa naye hospitalini. Nikajibu, "Niko sawa, nakuja." Lakini hakuwa ameniuliza kama niko sawa.

Tukabeba kabati. Katikati ya mlango akanitania, "Mbona leo umenyamaza hivi? Ama kuna mtu amekufa?" Na juzi tu alikuwa mazishini kwetu! Nikacheka naye. Tulipomaliza nikarudi nyumbani.

Jioni nilimkuta senge, dadake baba, ameketi peke yake uani, wembe mkononi, karai la maji miguuni.

"Wenzako wamenyolewa wakamaliza. Kitale nako ulienda kuzika nani?"

"Nilimsaidia rafiki, senge."

"Na wewe ulisaidiwa na nani?"

Nikageuka niingie ndani.

"Ati umesoma! Keti hapa."

Wembe ulipogusa utosi, nililia kwa mara ya kwanza tangu baba afe. Senge hakuninyamazisha. Alinyoa tu, polepole.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Sawa, lakini mbona mimi nilificha kichwa, kisha nikawanung'unikia watu kwamba hawaninyoi? Wanjala simlaumu sana. Ni mimi niliyemfundisha kwamba siumii.

Nawe nakuona, mwanangu: simu ikilia, unainuka kabla hujameza tonge. Wasaidie watu, sikukatazi. Ila siku moyo wako ukiwa matangani, sema, "Leo siji, nina kilio." Atakayekasirika, mwache akasirike. Atakayekuja kuketi nawe, huyo mshike.

Mungu akupe bega la kuwabebea wenzako. Na siku ya kilio chako, akuwekee mtu uani, mwenye wembe na subira.