Laptopu Iliyomeza Hotuba ya Baba

Jubilei ya miaka hamsini ya ndoa ya wazazi wangu ilipokaribia, baba aliniomba nimwandikie hotuba ya kumshukuru mama mbele ya ukoo na padri. Hakuwa amewahi kumshukuru kwa mdomo. Mzee wa Kichagga wa rika lake akishanunua ng'ombe wa maziwa huona ameshasema yote. Nikapanda kijijini kwetu Kirua Vunjo na laptopu begani. Kule mjini, mtaa wa Njoro, nilikuwa na kijiofisi cha kuchapa barua za watu, kwa hiyo kijijini nilihesabiwa mtaalamu, nami sikuwabishia.

Mama akiwa shambani, baba alisema, mimi nikachapa. Simulizi lake lilipofika siku ile mama alipobeba gunia la kahawa akiwa na mimba yangu, baba mwenyewe ametangulia na fimbo yake tu, kioo kikageuka bluu na mashine ikazima.

"Hilo dude limemeza?" baba akauliza.

"Ni huu umeme wenu," nikasema.

Kesho yake likameza tena, safari hii likitumia betri. Nikasingizia virusi, kisha baridi ya mlimani. Nilipojifunza kuhifadhi kila sentensi, faili lenyewe likagoma kufunguka. Nikamgeukia mama, aliyekuwa akiifunika laptopu kwa kitambaa cha kufuma kama alivyofunika redio, nikamfokea kwamba anaipasha moto. Akakiondoa kitambaa chake. Ikazima vilevile. Niliona aibu, ila si ya kutosha kunishikisha kalamu. Mwenye laptopu aandike kwa mkono, majirani waseme nini?

Baba akawa anaanza upya kila mara.

Mwishowe nikafungua skrubu za chini. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya memori: kimoja kilikuja na mashine, cha pili nilikinunua mtaani ili iende kasi, nikajisifu kwa kila mteja. Nikachomoa changu, mashine ikafanya kazi kutwa nzima. Nikakirudisha, nikachomoa kile cha asili: bluu. Umeme, virusi, baridi na mama yangu mzazi, wote hawakuwa na kosa.

"Baba, imepona. Tuanze."

"Tuanze nini tena? Nimeyarudia mpaka yamekaa kichwani. Nitamwambia mwenyewe."

Siku ya jubilei nilikaa mbele na laptopu imejaa chaji, tayari kumwokoa akikwama. Hakukwama. Aliyasema yote, hadi lile gunia na ile fimbo, akimtazama mama peke yake.

Mama akajifunika uso kwa khanga. "Kaa chini, mzee," akamwambia huku akilia. "Kumbe ulikuwa unaona."